Je, Kunyamaza Nako Ni Kuiba?



Mpendwa kijana mwenzangu, amri ya saba wengi wetu tunaijua kwa picha moja: mtu anaingia usiku, anabeba, anakimbia. Leo nataka tuitazame mahali ambapo hakuna anayekimbia. Muuzaji yupo, mnunuzi yupo, bei wamekubaliana, na hakuna neno hata moja la uongo lililosemwa. Swali ni hili: nikijua kasoro ya kitu ninachouza, mnunuzi hana namna ya kuiona, nami nikanyamaza tu, je, nimemwibia?

Swali hili sikulitoa darasani. Lilitufika nyumbani, Masasi, kwenye kitalu cha mikorosho cha familia yetu.

Kwanza uielewe kazi yenyewe. Mkorosho ni mti mkaidi. Ukipanda mbegu ya mti mzuri huna hakika ya kupata mti mzuri, kwa sababu maua yake huchavushwa sana na miti mingine, na mtoto anaweza asifanane na mama. Ndiyo maana tunabebesha. Unaotesha mbegu kwenye kiriba. Mche ukikua kiasi unakata kilele, unapasua, unachomeka kikonyo kilichotoka kwenye mti mama unaojulikana kwa kuzaa vizuri, kisha unafunga kwa mkanda wa nailoni. Kikishika, kinachipua. Mche wa namna hiyo huanza kuzaa mwaka wa pili au wa tatu, na unafuata tabia ya mti mama. Mkulima akija kununua huinama, anatafuta kovu la kubebesha, akiliona anatoa hela. Kovu ndilo risiti yake.

Mwaka mmoja vikonyo vilituishia. Kijana aliyekuwa anatusaidia akaenda kukata vikonyo kwenye mkorosho mzee ulio kando ya njia, mti ambao kijiji kizima kinaujua: majani tele, korosho ndogondogo, na ubwiri unga hauukosi msimu. Akabebesha miche 300. Kazi yake ilikuwa safi kabisa. Mama aligundua mwezi Desemba, mvua zimeanza, wateja wako njiani. Kovu lipo, kikonyo kimeshika, ni miche iliyobebeshwa kweli. Na ada ya mdogo wangu wa kike, anayesoma shule ya bweni, ilikuwa inasubiri hela hiyohiyo.

Mjomba akasema, "Dada, wewe uza. Akiuliza mtu kama imebebeshwa, mwambie ndiyo. Si imebebeshwa?"

Mama akanigeukia mimi niliyekuwa likizo: "Haya frateri, umekaa miaka mitatu na hao Wagiriki wako. Sema basi."

Mjomba si mtu mbaya. Alikuwa na hoja tatu, na zote zinastahili kujibiwa.

Hoja ya kwanza: mnunuzi ana macho, akague mwenyewe. Mtakatifu Thoma wa Akwino alilishughulikia jambo hili katika Summa Theologiae, anapozungumzia udanganyifu katika kuuza na kununua. Anatofautisha kasoro inayoonekana na iliyojificha. Farasi mwenye jicho moja, kila mtu anamwona. Muuzaji halazimiki kutangaza, mradi bei iwe ya haki. Lakini kasoro ikiwa imejificha, na inaweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, muuzaji anawajibika kuisema. Sasa angalia mche wetu. Hata bwana shamba akija na miwani yake, mche wa miezi miwili haumwambii umetoka mti gani. Mnunuzi ametumia macho yake yote, yamemfikisha kwenye kovu, na kovu linamdanganya kwa niaba yetu. Hapo ndipo ndiyo ya mjomba inapoharibika. Neno ni la kweli, ila linatumika kumfanya mtu aamini jambo ambalo sisi tunajua si kweli.

Hoja ya pili: hakuna atakayejua. Mkorosho ukikataa kuzaa kuna sababu chungu nzima: salfa ilichelewa, magugu, udongo, mvua kunyesha wakati wa maua. Nani atakumbuka kitalu? Hoja hii ndiyo iliyonisumbua zaidi. Wanaosoma falsafa wanaijua pete ya Gyges katika Jamhuri ya Plato: ukiivaa huonekani, na swali linakuwa kama utaendelea kuwa mwenye haki. Mwenye kitalu anayo pete hiyo. Anauza leo, hukumu inakuja baada ya miaka mitatu, na ikija inakuja imechanganyika na mambo mengine mia.

Lakini tulia uifikirie. Kwamba mkulima anaweza kupata hasara kwa njia nyingine hakunipi mimi ruhusa ya kumwongezea njia moja. Na kwenye miti, kosa la leo halionekani leo. Sisi wa kusini tunalijua hilo kwa historia. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani 145,000 hivi. Miaka ya katikati ya 1980 ilikuwa imeshuka chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi, bei na ugonjwa zikiwemo, lakini mojawapo ni kwamba watu walihamishiwa vijijini, wakawa mbali na mikorosho yao, na mikorosho ikabaki porini bila mtunzaji. Mti haukupigii kelele siku unapoukosea. Unanyamaza, halafu familia moja inakosa chakula miaka kadhaa baadaye. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, miche 300 ni zaidi ya eka 10. Hizo ni eka 10 za watu wanaongoja.

Hoja ya tatu: watoto wetu kwanza. Hapa sina maneno mepesi. Wajibu wa mzazi kwa mtoto ni wa kweli, na umaskini si mfano wa darasani. Ila jiulize hela ile ingetoka wapi hasa. Isingetoka kwetu. Ingetoka kwa mkulima ambaye mwaka wa tatu angesimama chini ya mti usio na kitu, naye ana binti anayesubiri ada. Tungekuwa tumemlipia mtoto wetu kwa ada ya mtoto wa mwingine, bila kumwomba. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, inaweka chini ya amri ya saba udanganyifu katika biashara, pamoja na kupandisha bei kwa kuutumia ujinga au shida ya mwenzako, hata pale sheria ya nchi isipoguswa. Kwa hiyo jibu langu kwa swali letu ni ndiyo. Kunyamaza kwa namna hiyo ni kuiba; ni kuiba kwa mkopo tu.

Je, ilitupasa kutangaza sokoni? Hapana. Thoma mwenyewe anasema muuzaji halazimiki kupiga mbiu, maana watu watakimbia kabla hawajajua uzuri uliopo. Inatosha kumwambia kila anayekuja kununua. Mama, ambaye hajawahi kumsoma Thoma, alifanya hivyohivyo. Kila mteja alimwambia: "Hii hapa imetoka mti wa njiani. Ukiitaka kwa kivuli au kwa kujaribu, ni nusu bei." Wengine walicheka, wengine wakaondoka. Iliyobaki tuliikata vichwa tukaibebesha upya. Ada ililipwa kidogokidogo, na mdogo wangu alirudi shule wiki mbili baada ya wenzake, analia. Mjomba hadi leo anasema tulipata hasara, na kwa upande wa hela amesema kweli. Sitakudanganya kwamba Mungu alitulipa mara mbili mwaka uliofuata. Haki inabaki haki hata isipolipa.

Wewe huenda huna kitalu. Lakini unauza simu ambayo unajua inazima yenyewe. Unaandika kwenye barua ya kazi ujuzi usiokuwa nao. Uko kwenye uchumba, na kuna jambo zito ambalo mwenzako ana haki ya kulijua kabla ya kusimama altareni, nawe unasema moyoni, "si hajauliza." Kumbuka, hatudaiwi kumwambia kila mtu kila kitu. Tunadaiwa kumwambia yule anayeweka maisha yake juu ya neno letu, jambo ambalo hawezi kuliona bila sisi.

Wiki hii, kabla ya kuungama, tafuta jambo moja la namna hiyo. Ukilipata, usiishie kulitaja kwa padre. Nenda pia kwa mwenye haki yake, maana aliyechukua anadaiwa kurudisha.

Ee Bwana, wewe uonaye yaliyofichika, utujalie ulimi usiojificha nyuma ya ukweli nusu, na moyo ulio tayari kupata hasara kuliko kumtia jirani hasara. Amina.