Nani Amemlewesha Kijana?

Katika vigango vya Mbulu na Hanang lawama moja yasikika kila mahali, ya kwamba vijana wa siku hizi wameharibika. Wanakunywa gongo, wanavuta bangi, wanakesha mnadani, na mwisho wanaleta UKIMWI nyumbani. Mzazi asema hivyo, katekista asema hivyo, na mwenyekiti wa kijiji pia. Mengi ya hayo ni kweli, wala hatuyakatai. Lakini leo twauliza neno jingine: je, anayemlaumu kijana aliyelewa anayo haki ya kumlaumu, ikiwa pombe ile ilitoka jikoni mwake?

Pombe si mgeni katika nchi ile. Wazee wa Kiiraqw walipokutana waliomba baraka kwa sala yao ndefu iitwayo slufay, na kibuyu cha pombe kipo kati yao. Wadatoga walitengeneza pombe ya asali kwa ajili ya sherehe zao kubwa. Ila pombe ile ilikuwa na siku yake na adabu yake. Ilikuwa kwanza ya wazee, na kijana aliungojea umri wake. Leo pombe ina bei tu. Mwenye fedha hupewa, awe na miaka 15 au 50. Twaona hapo ndipo mambo yalipogeuka, na waliogeuza si vijana.

Tumtazame basi kijana mwenyewe. Shamba la baba limegawanywa hata limekuwa vipande, na ng'ombe wa mahari hawapo. Aenda kulima vitunguu vya watu huko Mang'ola, au ashuka katika mashimo ya tanzanite huko Mirerani, au aendesha pikipiki ya mwenye mali huko Katesh. Akirudi ana fedha kidogo mfukoni, hana mke, wala hana mkubwa wa kumwuliza alilala wapi. Mlango ulio wazi kwake usiku ni ule wa kilabu.

Uchunguzi wa taifa wa miaka 2022 na 2023 ulionyesha ya kwamba watu wazima 4.4 katika kila 100 wanaishi na virusi vya UKIMWI. Mkoa wa Manyara umo katika mikoa yenye kiwango cha chini, na wako wanaostarehe kwa habari hiyo. Sisi twaona kinyume: palipo na wagonjwa wachache ndipo kazi ya kuzuia yaweza kufanikiwa. Na ulevi wauharibu ulinzi wote. Mlevi hakumbuki ahadi yake kwa mkewe, wala hamwulizi mtu hali yake. Dawa za kupunguza nguvu ya virusi hutolewa bure katika nchi yetu tangu mwaka 2004, na anayezimeza kila siku mpaka virusi visionekane tena kwa kipimo hamwambukizi mwenzi wake. Lakini ni nani atakayemeza dawa kila siku, ikiwa siku tatu katika juma hajui ameamkia wapi? Hata kupima, wanaume hujivuta kuliko wanawake, ingawa tangu mwaka 2019 sheria yamruhusu mtu kujipima mwenyewe, na kijana wa miaka 15 kupimwa bila kuomba ruhusa ya mzazi.

Sasa twarudi jikoni. Wanateolojia hutofautisha kati ya kutenda uovu na kusaidia uovu wa mwingine. Mama anayechemsha gongo hamfungui kijana kinywa kwa nguvu. Lakini ajua ni nani anayekunywa, na ajua atakwenda wapi akitoka hapo. Hawezi kusema hayumo. Hata hivyo, mara nyingi mama huyo ni mjane, na fedha ile ndiyo sare na daftari za watoto wake. Sheria ya kukataza gongo ni ya mwaka 1966. Mapipa yamevunjwa mara nyingi, na juma la pili moshi wapanda tena. Kumlaani mama huyo ni rahisi mno, hasa kwa baba ambaye jana jioni alikuwa kwenye benchi lake.

Jumuiya ndogondogo inazijua nyumba zake zote. Yajua ni kijana gani amerudi kutoka machimboni, na ni mzee gani mwenye heshima awezaye kumwita na kuketi naye kabla kilabu hakijamwita. Yamjua pia kijana aliyeacha kunywa, ambaye wenzake watamsikiliza kuliko wanavyolisikiliza gazeti hili. Na ikiwa yataka mama yule azime moto wake, ina mfuko wake: imkopeshe kuku au mbegu mwezi wa Septemba, kwa maana shule hufunguliwa Januari, na watoto wake watahitaji sare.