Uongozi wa msikiti nao husomewa

 

Ndugu zangu Waislamu, tukitafuta imamu tunauliza amesoma wapi na kwa sheikh gani. Tukitafuta mwenyekiti wa kamati au mweka hazina, swali hilo hatuliulizi. Tunatazama umri, mfuko, au ukoo uliotoa kiwanja. Ndivyo walivyofanya Wana wa Israil walipoambiwa kuwa Allah amemteua Talut awe mfalme wao. Walimkataa kwa kuwa hana mali, wakajibiwa kuwa amezidishiwa elimu na nguvu za mwili (2:247). Nabii Yusuf (AS) naye alipotaka akabidhiwe hazina za Misri, alitaja uaminifu na ujuzi kwa pamoja (12:55). Sisi tumeshika uaminifu peke yake, na mara nyingine hata huo tunaudhania tu.

Nimekaa katika vikao ambapo mapato na matumizi husomwa kutoka kichwani, muhtasari wa kikao kilichopita haupo, na hati ya kiwanja cha wakfu haijulikani imo katika kabati la nani. Mzee akifariki, warithi wanadai kiwanja, na kamati haina karatasi ya kuonesha. Hapo tunapiga kelele kwamba tumedhulumiwa!

Kukosa nafasi ya kwenda chuoni si udhuru tena. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 ili mtu asome huku yuko kazini au nyumbani. Asiyehitaji shahada, Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kimeweka masomo ya bure kwenye intaneti tangu mwaka 2006, mahali paitwapo OpenLearn, na yamo masomo ya kuongoza taasisi za kujitolea. Msikiti ni nini kama si taasisi ya kujitolea? Masomo hayo ni ya Kiingereza, na hapo ndipo wazee wetu wawahitaji vijana. Zayd bin Thabit (RA) alikuwa kijana alipoamriwa na Mtume (SAW) ajifunze maandishi ya Mayahudi. Aliyajua kwa muda wa kama nusu mwezi, akawa ndiye msomaji na mwandishi wa barua zao.

Wapo wasemao uongozi haufundishiki kwa mbali. Sasa ile barua mashuhuri inayonasibishwa kwa Umar (RA), kwenda kwa Abu Musa al-Ash'ari (RA), ilikuwa nini? Humo anafunzwa kuwaweka sawa wenye kesi hata kwa kuwatazama, kutaka ushahidi kwa anayedai na kiapo kwa anayekana, na asione haya kurejea kwenye haki baada ya kuhukumu jana. Ibn al-Qayyim ameieleza kwa urefu katika I'laam al-Muwaqqi'in. Hilo ni somo la uongozi lililosafiri kwa mjumbe.

Lakini wana hoja moja. Abu Musa alikuwa na watu mbele yake wa kuwahukumu. Anayesoma simuni peke yake akapata cheti, bado hajaongoza mtu. Kwa hiyo naona kamati iteue watu watatu, mmoja wao mwanamke, maana madrasa nyingi zinasimama kwa mikono ya kina mama. Waumini wachangie bando lao kwa nia hiyo mahsusi, mapato ya wakfu yasiguswe. Wakisoma somo la hesabu, Ijumaa inayofuata hesabu ibandikwe ubaoni kila mtu aisome.

Na wafanye majaribio wenyewe. Kumlipa kijana akufanyie mtihani kisha ukatundika cheti ukutani ni ghushi, sawa na yule muuza chakula ambaye Mtume (SAW) alitia mkono katika lundo lake akakuta umajimaji chini.

Kazi yao ya kwanza iwe kuitafuta hati ya kiwanja, kuitoa nakala, kisha kwenda RITA kuangalia kama wadhamini waliosajiliwa wangali hai.