Je, Mbunifu wa Bastola Ana Lawama?

Wapo wasemao kwamba bastola haina dhambi; mwenye dhambi ni mkono ulioishika. Sikubaliani nao kikamilifu, na mfano wangu ni bastola ya kijeshi ya Browning Hi-Power.

Mmarekani John Browning aliianza kwa ajili ya kiwanda cha FN cha Ubelgiji, akafariki mwaka 1926 kabla haijakamilika. Dieudonné Saive aliimalizia, na jeshi la Ubelgiji likaipokea mwaka 1935. Magazini yake hubeba risasi 13 za milimita 9. Moja ikitoka, nyingine huingia yenyewe. Tena, magazini ikichomolewa, bastola haifyatuki hata ikiwa imebaki risasi moja ndani.

Kinga hiyo ndiyo ushahidi wangu. Inaonyesha kwamba walioiagiza na walioibuni walifikiria kifo: cha ajali wakakizuia, cha makusudi wakakirahisishia njia. Kisu hukata hata nyanya. Bastola ya askari haina kazi nyingine.

Atasema mtu kwamba iliundwa kulinda nchi. Ni kweli, nchi ina haki ya kujilinda. Lakini Wajerumani walipoiteka Ubelgiji mwaka 1940, kiwanda kilekile kiliwatengenezea wao, huku Kanada ikiwatengenezea maadui zao. Bastola haikujua upande.

Basi muuaji abebe lawama ya kuua. Mbunifu naye hawezi kunawa mikono: atajibu kwa kile alichokirahisisha, akijua wazi kwamba si yeye atakayemchagua mshikaji.