Kumwachia Mungu Michango ya NSSF

Mfanyakazi wa Tanzania akigundua kwamba mwajiri anamkata mchango wa NSSF kila mwezi na hauwasilishi, mara nyingi ushauri wa kwanza anaopewa, iwe kijiweni au baada ya ibada, ni amwachie Mungu. Wanaosema hivyo wengi wana nia njema. Hata hivyo ushauri huo una kasoro ya kidini kabla hatujafika kwenye sheria. Kusamehe ni kuachilia kilicho chako. Mchango wote ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu ya mchango huo. Lakini fedha hizo si za mfanyakazi peke yake: mchangiaji akifariki, mjane na watoto ndio wanaotazamia mafao. Tena pensheni ya uzee inataka michango ya miezi 180. Mwenye 174, kwa sababu sita iliishia mfukoni mwa bosi, hajafikisha. Anayenyamaza, basi, anasamehe kwa mali ya wanawe, na sioni dini inayomwandikia mtu thawabu kwa sadaka ya namna hiyo.

Wala maandiko hayamwoni mlalamikaji kuwa mpungufu wa imani. Sura ya 58 ya Kurani inaanza na mwanamke aliyemshtaki mumewe kwa Mtume, na shtaka lake likasikilizwa. Katika Luka 18, mjane anamsumbua kadhi dhalimu mpaka anapewa haki yake, na Yesu anamtoa kuwa mfano wa kuigwa. Lakini kisa kinachogusa zaidi suala letu ni cha kiapo kiitwacho Hilf al-Fudul. Mfanyabiashara kutoka Yemen aliuza bidhaa Makka, mkubwa mmoja wa Kikureshi akazichukua asilipe. Mapokeo yanasema aliowaendea kwanza walimfukuza, kwa kuwa hakuwa na ukoo wa kumtetea pale mjini. Akapanda mlima Abu Qubais, akapaza sauti. Ndipo baadhi ya koo zilipokutana nyumbani kwa Abdallah bin Jud'an na kuapa kusimama na aliyedhulumiwa hadi alipwe. Muhammad alihudhuria kabla ya utume, na baadaye alisema angeitwa kwenye kiapo kama hicho ndani ya Uislamu angeitika. Deni la mtu mmoja, mgeni, liligeuzwa kuwa wajibu wa walioshuhudia.

Wapo watakaosema kwamba kumshtaki aliyekupa kazi ni utovu wa shukrani. Shukrani hulipwa kwa kazi nzuri, na hiyo imeshafanywa. Hoja ya hofu ni nzito zaidi: anayelalamika huenda akafukuzwa, na ajira ni adimu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haikubali kudai haki kuwe sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, ingawa kweli sheria haipiki ugali wa jioni. Ndiyo maana asiachwe aende peke yake. Chama cha wafanyakazi kipo, na NSSF yenyewe ina mamlaka ya kumkagua mwajiri na kumpeleka mahakamani. Subira nayo ina mpaka. Mgogoro wa kuachishwa kazi hufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Aliyechelewa huanza kwa kuomba aongezewe muda, na anaweza kukataliwa. Kwa hiyo shehe au mchungaji anayefuatwa na muumini mwenye barua ya kuachishwa kazi, kabla hajamhubiria subira, aulize barua hiyo ni ya tarehe ngapi.