Msikivu ni Nani?

Lugha yetu imeigeuza kazi ya sikio kuwa tabia ya moyo. Tukimsifu mtoto kwa utii twasema ni msikivu. Tukimlaumu kwa ukaidi twasema hasikii, na kumwonya kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Jicho halikupewa mzigo kama huo. Asiyeona tunamshika mkono; asiyesikia tunamshika sikio na kulivuta.

Jambo hili limenishughulisha kwa sababu ya jirani yangu mmoja hapa Kahama, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Alianza kulalamika kwamba sauti za watu anazisikia, lakini maneno hayapati, hasa penye watu wengi: sokoni, msibani, ndani ya basi. Mkewe alidhani ni kiburi. Akaenda hospitali moja, akasikilizishwa milio, mmoja baada ya mwingine, akaambiwa masikio yake ni mazima. Basi alirudi akiwa na hali mbaya kuliko aliyokwenda nayo, maana alikwenda mgonjwa akarudi mwongo. "Mwalimu," aliniuliza, "kama masikio ni mazima, kibovu ni nini?"

Swali lake si la kipuuzi. Kusikia hakuishii sikioni. Sauti ikishapita kwenye ngoma ya sikio na kugeuzwa kuwa ishara, husafiri kwa mishipa ya fahamu hadi kwenye shina la ubongo, kisha hadi pande za ubongo zilizo karibu na panja. Huko ndiko maneno hutengwa na kelele, na silabi moja na nyingine. Mtu aweza kuusikia mlio mmoja katika chumba kimya, na bado akashindwa kulichomoa neno katikati ya makelele.

Tangu miaka ya 1990 mwanzoni, wataalamu wamepata njia ya kuitazama kazi hiyo bila kupasua fuvu. Mtu hulazwa ndani ya mashine ya sumaku kubwa, akasikilizishwa maneno. Sehemu ya ubongo inayofanya kazi huletewa damu yenye oksijeni kwa wingi, na mashine huitambua tofauti hiyo na kuichora. Cha kuchekesha ni kwamba mashine yenyewe ina kelele zisizopishana sana na za karasha, hata watafiti wa kusikia hulazimika kuinyamazisha kwa sekunde chache ili wapate nafasi ya kupenyeza sauti zao.

Je, picha ya namna hiyo ingemwokoa jirani yangu? Najua watu wengi wangeiamini kuliko walivyomwamini yeye. Hapo ndipo ninaposita. Picha tunazoonyeshwa aghalabu hujumlisha vichwa vya watu wengi, na kwa mtu mmoja mmoja tatizo la kupambanua sauti hutambuliwa kwa majaribio ya kusikiliza, si kwa picha. Tena picha yaweza kudanganya. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walieleza jinsi walivyomwingiza samaki mfu aina ya samoni katika mashine hiyo, wakamwonyesha picha za watu. Hesabu zilipofanywa bila uangalifu wa kutosha, ubongo wa samaki ukaonekana unafanya kazi. Sisi wa kandokando ya Ziwa tungalimla tu.

Lakini shaka yangu kubwa si ya kitaalamu. Hata mkaidi ana ubongo, na ukaidi wake nao una mahali pake humo. Ikiwa kila tendo laweza kuacha alama kwenye picha, basi alama peke yake haiwezi kutuambia nani asamehewe na nani alaumiwe. Hukumu hiyo inabaki kwetu.

Wala si lazima kuisubiri sumaku. Dar es Salaam, watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya cha Muhimbili na wenzao wa Dartmouth, Marekani, waliwapima watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2014, baadhi ya watu hao walilalamika kutoelewa maneno, na kasoro ilielekea kuwa kwenye ubongo zaidi kuliko kwenye sikio. Kipimo kimojawapo kilikuwa kutambua pengo fupi la ukimya ndani ya sauti: kompyuta, visikizio, na mtu anayeulizwa amesikia nini. Yaani walimuuliza mwenyewe!

Huku kwetu kuna sababu nyingi za kuuliza. Kelele za makarasha ni moja. Zebaki ni nyingine: mwaka 2003 wataalamu wa mradi wa Umoja wa Mataifa waliwapima wachimbaji na wachoma zebaki wa Rwamagasa, Geita, na baadhi yao wakakutwa na dalili za sumu hiyo. Huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1956, zebaki iliyoingia kwa samaki iliwaharibia watu ubongo, na kusikia kukiwamo. Mvuke unaovutwa na mchoma dhahabu si sumu ile ile ya samaki wa Minamata, lakini nao hufika ubongoni.

Kuna atakayesema: ukimwamini kila mlalamikaji, waongo watajaa. Ni kweli, na anayedai fidia ya fedha ni haki aombwe ushahidi. Ila mkewe hakuwa anadaiwa fidia. Alichotakiwa kutoa ni kumgeukia mumewe usoni na kurudia neno, jambo ambalo hata mwongo akilipewa, hasara yake ni ndogo.

Kwa mtoto hasara ni kubwa zaidi. Nimefundisha madarasa ya watoto themanini chini ya bati, na mvua ikinyesha hata mimi sikujisikia. Humo daima walikuwamo wawili watatu walioitikia kitu kingine kabisa na ulichosema; walichekwa, wakachapwa, wakaandikiwa kwenye ripoti kwamba si wasikivu. Wavulana wa namna hiyo sikuwaona wakimaliza darasa la saba. Waliacha shule wakaenda machimboni, na kazi ya kwanza waliyopewa, kwa kuwa haihitaji mazungumzo, ni kulisha mawe kwenye karasha.