Aliyebaki Peke Yake: Khalifa Bila Mashahidi



Katika darsa moja ya jioni hapa chuoni liliulizwa swali lililotuchekesha mwanzoni. Tuseme maafa yamewafuta watu wote, akabaki mtu mmoja katikati ya wanyama, naye anataka kuujenga tena ustaarabu. Aanze na lipi? Mmoja wetu akasema moto. Mwingine akasema kalamu, asije akasahau anayoyajua. Wa tatu akasema ahesabu siku ili Ijumaa isimpotee, kisha akajiuliza mwenyewe: ataiswali na nani? Hapo kicheko kikaisha.

Swali hili si geni kwa wanazuoni wetu. Ibn Tufayl, tabibu wa Andalusia aliyefariki mwaka 1185, aliandika kisa cha Hayy ibn Yaqdhan, mtoto aliyekulia kisiwani pasipo binadamu, akinyonyeshwa na paa. Hayy anajifunza kujisitiri na kutumia moto. Paa anapokufa, anampasua kifua akitafuta kile kilichoondoka. Kwa kutafakari tu anafika kumjua Muumba wake.

Karibu karne mbili baadaye, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, Ibn Khaldun aliona mambo kwa jicho jingine. Kwake yeye, mtu mmoja hawezi kujipatia hata mkate wa siku moja. Ngano inataka kusagwa, kukandwa na kuokwa. Kila kazi inataka chombo, na kila chombo kinamtaka mhunzi, seremala au mfinyanzi. Wanyama wamepewa pembe na kucha, binadamu akapewa akili na mkono, navyo havimfikishi mbali bila wenzake. Na watu wakishakusanyika, anasema, lazima awepo mzuiaji, yaani mamlaka itakayowazuia wasidhulumiane.

Nani amesema kweli? Kuhusu mkate, naona Ibn Khaldun ameshinda. Mtu wetu hatajenga mji peke yake, wala soko, wala chuo. Lakini suala la mzuiaji linabaki. Hapo kisiwani hakuna sultani, kadhi wala jirani wa kumwonea haya. Nani atamzuia asiwadhulumu wale wanyama?

Hapa ndipo Hayy anapotufundisha. Baada ya kumjua Mola wake anajiwekea sheria ambayo hakuna aliyemlazimisha kuifuata. Anakula kiasi cha kumweka hai. Anachagua matunda yaliyoiva, na mbegu zake hazitupi mahali zisipoota. Akilazimika kula mnyama, anachukua katika wale walio wengi, asije akakimaliza kizazi. Akiona mmea umezibiwa jua anauondolea kizuizi, na mnyama akiwa na kiu anamnywesha. Kabla ya kuwa na nyumba ya maana, tayari ana mipaka. Kwa maoni yangu huo ndio mwanzo wa ustaarabu: kujua kile ambacho hutakichukua, ingawa mkono unakifikia na hakuna anayekuona.

Msomaji atasema kisiwa hicho ni cha hadithi. Basi twende Nchelenge, katika mkoa wa Luapula nchini Zambia, kwenye ufuo wa mashariki wa ziwa Mweru. Ng'ambo ni Kongo. Katika ziwa hili na mto Luapula alikuwapo kwa wingi samaki aitwaye mpumbu. Wakati wa mvua alipanda mtoni kwenda kutaga, na katika safari hiyohiyo, akiwa amejaa mayai, ndipo aliponaswa. Soko lilikuwa kubwa, kwani migodi ya shaba ya Katanga ilikuwa na maelfu ya wafanyakazi wa kulishwa. Kufikia miaka ya 1950 uvuvi wa mpumbu ulikuwa umeporomoka. Walikuwapo machifu, wafanyabiashara na serikali ya kikoloni. Wazuiaji hawakukosekana, na bado kizazi kile hakikuachiwa mbegu ya kutosha.

Leo ziwa hufungwa kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Sheria ni njema. Lakini mfikirie mvuvi aliye majini usiku, mbali na taa za Kashikishi, mkononi ana chandarua kilichogawiwa kuzuia mbu, chenye matundu madogo yasiyoachia hata kitoto cha samaki. Serikali haipo pale. Wapo yeye, samaki na Mola wake. Kwa saa hiyo moja, mvuvi huyu ndiye yule aliyebaki peke yake duniani.

Qur'ani katika Suratul An'am, aya ya 38, inatufahamisha kuwa wanyama na ndege ni umma kama sisi. Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, mtu mmoja akiwa safarini, amebanwa na kiu, alishuka kisimani akanywa. Alipotoka akamwona mbwa anaramba udongo kwa kiu. Akashuka tena, akajaza khofu yake maji, akamnywesha, na Allah akamsamehe. Hapatajwi shahidi yeyote pale isipokuwa mbwa. Maswahaba walipouliza kama katika wanyama kuna thawabu, Mtume (S.A.W.) aliwajibu kuwa ipo katika kila kiumbe chenye uhai.

Lakini pana pingamizi zito. Ni rahisi kwa mwanafunzi aliyeshiba kuhubiri kujizuia. Mwaka 2017 maelfu ya Wakongo walivuka mpaka wakiyakimbia mapigano ya Haut-Katanga na Tanganyika, na mwaka 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa katika wilaya hiyohiyo ya Nchelenge. Hao ndio walionusurika wa kweli. Mama aliyepoteza shamba na mume tutamwambiaje kuhusu kizazi cha samaki?

Tutamwambia kwanza kwamba dini haikumsahau. Dharura huhalalisha hata nyamafu. Lakini aya ya 173 ya Suratul Baqara inaiwekea ruhusa hiyo mpaka: asiwe mwenye kutamani, wala mwenye kupindukia. Njaa inaruhusu kula, haikuruhusu kumaliza. Pili, na hili linatugusa sisi zaidi, mtu hawezi kudaiwa kujizuia na jirani aliyeshiba akamwacha alale na njaa. Hapo Ibn Khaldun anarudi na haki yake: mipaka inaanza moyoni mwa mtu mmoja, lakini kuidumisha ni kazi ya jamaa.

Mafakihi wanasema fardhi kifaya, ikiwa hakuna wa kuitekeleza isipokuwa mtu mmoja, humgeukia yeye kuwa fardhi ain. Kwa hiyo aliyebaki peke yake hakupunguziwa amana. Ameongezewa. Sisi tulio wengi tunajificha nyuma ya wingi wetu: mazingira yana idara yake, wakimbizi wana shirika lao, ziwa lina askari wake. Kila mmoja anamwachia mwenzake, na mwisho wake hatuna hata yule mmoja.

Ndugu zangu, Mtume (S.A.W.) alituelekeza kuwa ikiwa Kiyama kinasimama na mmoja wetu ana mche mkononi, basi akiweza aupande. Nani ataula mtende huo? Hakuambiwa awatafute walaji kwanza. Jibu langu kwa swali la darsa ni hilo: aanze na mbegu. Aihifadhi, ajizuie kuila, aipande. Mji utajengwa na watu wakija, Allah akipenda. Wasipokuja, atakutana na Mola wake amana ikiwa haijapotea.

Wallahu a'lam.