Mahali pa Mzigo

Naanza na duara mbili juu ya mstari mmoja. Mstari ndio ardhi, duara ndizo magurudumu, na baina yake bado hapana kitu. Kwa kipimo cha moja kwa ishirini, pikapu ya mita 5 huwa sentimita 25, ikalala vyema kwenye karatasi ya A4. Mita 3 za kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma huwa sentimita 15. Kabla sijaendelea, namchora mtu pembeni, amesimama wima, urefu wake sentimita 8 na nusu. Hana uso. Yupo ili gari lisije likakua mpaka likamsahau.

Usiku ndio wakati wa kuchora. Mji wa Tanga ukishatulia, bodaboda ya mwisho ikishapita, inabaki sauti ya penseli peke yake, na upepo wa baharini unaoinua pembe ya karatasi. Penseli ikivuta mstari mrefu wa paa hunong'ona. Ikitia kivuli chini ya chesisi huchakarisha. Naweza kukaa na mstari wa boneti muda mrefu, nikiupandisha kidogo, nikiushusha, nikiutazama kwa jicho moja. Mstari huu unatulia moyoni na ule unakataa, ilhali kinachoutenga huu na ule ni unene wa ncha ya penseli tu. Unapokuja, huja wenyewe. Mimi kazi yangu ni kuwa macho.

Macho haya yalifundwa barabarani, kabla mkono haujajua kuchora. Yalifundwa na Hilux, ambayo Toyota iliitoa mara ya kwanza mwaka 1968. Na Peugeot 504, ile yenye taa zilizokatwa mshazari. Na Land Cruiser toleo la 70, iliyotoka mwaka 1984, ambayo mpaka leo haijauacha mbali uso wake wa kwanza. Nilizitazama zikitoka Muheza na machungwa. Nilizitazama zikienda arusini, kitanda cha bi arusi kimefungwa kwa kamba ya katani, godoro juu ya kitanda, watoto juu ya godoro. Na asubuhi nyingine nikaiona pikapu ile ile ikienda polepole kabisa, taa zinawaka mchana, wanaume wamekaa kimya ubavuni mwa jeneza. Sakafu ni ile ile. Imefagiliwa tu.

Kule Australia husimuliwa kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1930 mke wa mkulima wa Gippsland, katika jimbo la Victoria, aliiandikia kampuni ya Ford barua. Alitaka gari moja la kuwapeleka kanisani Jumapili bila kulowa, na Jumatatu lipeleke nguruwe sokoni. Benki, inasemekana, hazikuwa radhi kumkopesha mkulima fedha za gari la abiria. Za gari la kazi, sawa. Shughuli ikamfikia mchoraji kijana wa kiwanda cha Geelong, Lew Bandt. Akalichukua gari la watu wawili, akaziendeleza mbavu zake hadi nyuma, kebini na bodi zikawa mwili mmoja, na mwaka 1934 likatoka kiwandani. Bandt anakumbukwa. Yule mama anatajwa tu kuwa mke wa mkulima, nami ndiye ninayemfikiria zaidi. Aliiona safari ya ibada na safari ya soko ndani ya gari moja, nguo safi na matope, wala hakuona haja ya kuvitenganisha. Huenda aliandika jioni, ng'ombe wamekwisha kukamuliwa, akabandika stempu, akarudi kwenye kazi zake.

Kinachonikalisha zaidi kwenye karatasi ni jambo ambalo mpita njia haliangalii. Nyuma ya pikapu nyingi za kazi kuna springi za vyuma bapa, vimepangwa kimoja juu ya kingine na kupindwa kama upinde wa mwindaji. Gari likiwa tupu, vyuma hubaki vimejipinda, na bodi huinuka kidogo kwa nyuma. Mzigo ukipanda, vyuma hunyooka, gari hushuka, na hapo ndipo linapokaa sawa na ardhi. Kwa hiyo pikapu ina mikao miwili, wa utupu na wa mzigo, na yote miwili ni ya kweli. Naichora yote: mmoja kwa penseli hafifu, wa pili juu yake kwenye karatasi inayopitisha mwanga. Nikiziinua pamoja mbele ya taa na kuzisogeza kidogo, gari linaonekana linapumua.

Mzigo wenyewe siuchori. Mahali pake napaacha peupe, na sehemu kubwa ya weupe huo naiweka mbele ya ekseli ya nyuma, maana uzito ukikaa nyuma mno magurudumu ya mbele huwa mepesi na usukani haushiki tena barabara. Kutokana na hapo ndipo kila kingine kinapopangwa: kebini isogee wapi, milango iwe mipana kiasi gani, chesisi ifike wapi. Inanishangaza kila mara kwamba sehemu isiyo na kitu ndiyo inayoziamuru nyingine zote. Nani atapanda hapo simjui. Magunia ya mkaa, mbuzi, spika za maulidi, mgonjwa juu ya mkeka na dada yake ameshika kichwa chake kisigongwe na mashimo ya njia. Karatasi inabaki nyeupe, nami nakaa na weupe huo.

Kusahihisha kumekuwa kufuta zaidi kuliko kuongeza. Taa nyembamba, kali, zimerudi kuwa duara. Magari mengi mapya yanatoka kiwandani yamekunja uso, na sioni anayebeba mizigo ya watu ana haja gani ya kukunja uso. Bampa kubwa ya plastiki imeondoka. Mikunjo ya ubavuni imeondoka mmoja mmoja, ukabaki mstari mmoja kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma. Kila kilichofutwa kimeacha kivuli chake, ukiilaza karatasi upande wa mwanga utaviona vyote, na sijataka kuhamia karatasi safi.

Huenda pikapu hii isiundwe kamwe. Chuma chake kingali ndani ya mlima fulani, mpira wake ungali utomvu mtini, na mimi nina duara mbili na mstari. Adhana ya alfajiri ikianza kutoka msikiti wa jirani, naweka penseli chini, na shukrani inayonijia ni kubwa kuliko kazi niliyoifanya. Sijui kuipima kwa kipimo cha moja kwa ishirini.

Yaliyobaki yataendelea kubadilika, ila mawili nimekwisha kuyakatia shauri. Kuta za bodi hazitapita kiuno cha yule mtu niliyemchora kwanza, ili mwenye kapu aliweke bila kuomba msaada. Na mlango wa nyuma utafunguka kwa mkono mmoja, kwa sababu mkono wa pili wa anayeufungua mara nyingi una kitu.